Hamira kavu katika utengenezaji wa bia ya ngano nyumbani

Hamira kavu ya bia ya ngano ni hamira hai iliyokaushwa hadi kuwa chembechembe ndogo, inayotumika kuchachusha bia iliyopikwa kwa kimea cha ngano pamoja na kimea cha shayiri. Kibiolojia ni kuvu wa seli moja wa spishi *Saccharomyces cerevisiae*, yaani ndugu wa karibu wa hamira ya jikoni inayoumua mkate, maandazi na mahamri. Watu wanaopika bia nyumbani, hasa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, huipenda kwa sababu ni nyepesi kusafirisha, hukaa muda mrefu bila kuharibika, na pakiti moja hutosha kwa takriban lita 20 za bia.

Makala hii inahusu hasa bia ya ngano ya Bavaria, Ujerumani kusini, inayoitwa *Weizenbier* au *Weißbier*. Ile isiyochujwa huitwa *Hefeweizen*, jina linalounganisha maneno mawili ya Kijerumani: *Hefe* ni hamira na *Weizen* ni ngano. Kwa hiyo jina lenyewe linamwambia mnywaji kwamba hamira imo ndani ya bilauri. Bia nyingine za ngano, kama *witbier* ya Ubelgiji na *Berliner Weisse* ya Berlin, huchachushwa kwa njia tofauti na hazielezwi hapa.

Bia ya ngano na historia yake

Kwa sheria ya Ujerumani, bia inayouzwa kwa jina la Weizenbier ni lazima angalau nusu ya kimea chake kiwe cha ngano. Sehemu inayobaki kwa kawaida ni shayiri. Bia hii ina rangi ya njano iliyofifia hadi kahawia, ina ukungu, povu jingi na uchungu mdogo. Kinachoitofautisha na bia nyingine zote ni harufu ya ndizi mbivu na karafuu. Hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa ndani yake. Harufu zote mbili hutengenezwa na hamira, na ndiyo sababu katika bia hii uchaguzi wa hamira una uzito kuliko uchaguzi wa hopi.

Tarehe 23 Aprili 1516, watawala wa Bavaria Wilhelm IV na Ludwig X walitangaza mjini Ingolstadt amri iliyokuja kujulikana kama *Reinheitsgebot*. Iliagiza bia ipikwe kwa shayiri, hopi na maji tu. Ngano haikuruhusiwa, na hamira haikutajwa. Wapika bia wa wakati ule waliitumia bila kujua kwamba ni kiumbe hai: walichukua masimbi au povu la bia iliyokwisha kuchachuka na kulitia katika bia mpya. Wapika pombe wa kienyeji wa Afrika Mashariki hufanya jambo lilelile wanapobakiza pombe ya jana chini ya mtungi ili ichachushe ya leo.

Katazo la ngano halikuwahusu wote. Ukoo wa makabaila wa Degenberg ulikuwa na haki ya pekee ya kupika bia ya ngano, na ukoo huo ulipokosa mrithi mwaka 1602, mtawala Maximilian I aliichukua haki hiyo mwenyewe. Bia ya ngano ikawa chanzo kikubwa cha mapato ya dola, na haki hiyo ya pekee ilidumu hadi 1798. Katika karne ya 19 watu waligeukia bia za lager zilizochachushwa kwenye baridi, na bia ya ngano ilikaribia kutoweka. Mwaka 1872 Georg Schneider wa Munich alipata kwa mfalme Ludwig II haki ya kuipika, na kampuni ya ukoo wake inaendelea nayo hadi leo.

Wakati huohuo sayansi ilianza kuielewa hamira. Louis Pasteur alionyesha kuanzia 1857 kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai, na mwaka 1876 alitoa kitabu kizima kuhusu bia. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kukuza hamira safi kutokana na seli moja tu. Bila hatua hiyo pakiti za leo zisingekuwapo, maana mtu hawezi kukausha na kuuza aina moja ya hamira kabla ya kuweza kuitenga na nyingine.

Hamira kavu iliyo hai ilisitawi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale kampuni ya Fleischmann ya Marekani ilipoitengeneza ili wanajeshi waoke mkate bila kuhitaji jokofu. Mwaka 1973 kampuni ya Lesaffre ya Ufaransa ilitoa hamira ya papo kwa papo kwa jina la Saf-instant, inayojulikana pia katika maduka mengi ya Afrika Mashariki. Fermentis, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa hamira kavu ya bia, ni tawi la Lesaffre hiyohiyo.

Jinsi hamira inavyokaushwa

Kiwandani hamira hulishwa molasi kidogokidogo huku ikipulizwa hewa kwa wingi. Kukiwa na sukari chache na oksijeni nyingi, hamira haitengenezi alkoholi bali huzaana na kujiwekea akiba ya mafuta yanayoimarisha utando wa seli. Baadaye huchujwa maji, husukumwa kupitia matundu madogo na kutoka kama tambi nyembamba, kisha hukaushwa kwa hewa ya uvuguvugu mpaka maji yanayobaki ni takriban asilimia 5 tu.

Kukauka kiasi hicho kungeua seli nyingi za viumbe. Hamira huokolewa na sukari inayoitwa trehalosi, ambayo hushika nafasi ya maji na kuzuia utando wa seli usivunjike. Si kila aina ya hamira huvumilia jambo hilo kwa kiwango kilekile. Kwa miaka mingi wapikaji wa nyumbani walikuwa na aina chache tu kavu za kuchagua, na waliotaka bia ya ngano ya kweli walilazimika kununua hamira ya majimaji, ambayo ni ghali na huharibika upesi ikikosa baridi.

Kuna faida moja ambayo wengi hawaijui. Kwa kuwa hamira kavu imekuja na akiba yake ya mafuta, haihitaji maji ya kimea yapulizwe hewa kabla ya kuitia, mradi ni mara yake ya kwanza kutumika. Hamira ya majimaji huhitaji kupulizwa hewa. Vilevile hamira iliyovunwa chini ya chombo na kutumiwa mara ya pili huhitaji hewa, hata kama ilianza maisha yake ikiwa kavu.

Ndizi na karafuu hutoka wapi

Harufu ya ndizi ni esta iitwayo asetati ya isoamili, ambayo imo pia katika ndizi zenyewe. Hamira huitengeneza wakati inapokua. Kiasi chake huongezeka halijoto ikipanda, hamira ikitiwa chache, na chombo kikiwa kifupi na kipana. Hupungua gesi ikibanwa ndani ya chombo.

Harufu ya karafuu ni fenoli iitwayo 4-vinili-gwayakoli. Inafanana sana kimuundo na eujenoli, ambayo ndiyo mafuta makuu ya karafuu za Pemba na Unguja, kwa hiyo pua haikosei inapoifananisha. Hamira huitengeneza kutokana na asidi feruliki iliyomo katika kuta za seli za nafaka. Kazi hiyo hufanywa kwa jeni mbili zinazoitwa PAD1 na FDC1. Hamira nyingi za bia zina jeni hizo zilizoharibika, na wapikaji waliziteua hivyo kwa karne nyingi kwa sababu katika bia nyingine ladha ya karafuu huhesabiwa kuwa kasoro. Katika hamira za bia ya ngano jeni hizo ni nzima.

Mpikaji anaweza kuongeza karafuu kwa kuloweka kimea kwenye maji ya nyuzijoto 43 hadi 45 za Selsiasi kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kupandisha joto, kwa sababu katika kiwango hicho vimeng'enya huiachilia asidi feruliki. Ajabu ni kwamba kimea cha shayiri hutoa asidi hiyo zaidi kuliko cha ngano. Anayeongeza ngano akitarajia karafuu nyingi zaidi atapata kinyume chake.

Aina zinazouzwa

Inayojulikana zaidi ni SafAle WB-06 ya Fermentis. Huchachusha kati ya nyuzijoto 18 na 26, na hula sukari nyingi kuliko kawaida, takriban asilimia 86. Bia yake ni kavu mdomoni na nyepesi, yenye karafuu kiasi na ndizi kidogo. Kwa maoni ya wapikaji wengi haifikii harufu nzito ya bia ya Munich, na kuna jambo jingine kuihusu ambalo kila anayeitumia anapaswa kulijua. Limeelezwa chini, katika sehemu ya chupa.

LalBrew Munich Classic ya kampuni ya Lallemand huchachusha kati ya nyuzijoto 17 na 25, hula asilimia 76 hadi 83 ya sukari, na ndizi yake husikika wazi. M20 ya Mangrove Jack's nayo ni ya aina hii ya Bavaria. Fermentis pia wametoa SafAle W-68, ambayo jina lake linakumbusha hamira maarufu ya Weihenstephan, chuo na kiwanda cha bia karibu na Munich. Hamira ya namba hiyo imetumika katika viwanda vingi vya Bavaria. Kwa anayeanza na anayetaka ladha ya kawaida ya Hefeweizen, Munich Classic au W-68 ni chaguo bora kuliko WB-06.

Watu huuliza kama hamira ya maandazi inaweza kutumika. Itachachusha, bila shaka. Nchini Ufini bia ya jadi iitwayo *sahti* hupikwa kwa hamira ya mkate hadi leo, nayo ina ladha ya ndizi na karafuu. Lakini hamira ya mkate imechaguliwa kwa kuumua unga haraka, si kwa ladha ya kinywaji wala kwa kutua chini baada ya kazi, na matokeo yake hayatabiriki kutoka pakiti hadi pakiti. Sahti hunywewa mbichi, mapema. Bia ya chupa inadai hamira inayojulikana tabia yake.

Kipimo na kuamsha hamira

Watengenezaji wa WB-06 hushauri gramu 50 hadi 80 kwa kila lita 100. Kwa lita 20 hiyo ni gramu 10 hadi 16, kwa hiyo pakiti moja ya gramu 11.5 iko ndani ya kipimo. Gramu moja ina seli hai zisizopungua bilioni 10, yaani pakiti nzima ina takriban bilioni 115. Kanuni ya jumla ya bia zinazochachuka kwenye joto ni seli milioni 0.75 kwa kila mililita na kila digrii ya Plato. Kwa lita 20 zenye digrii 12 hesabu hiyo hutoa seli bilioni 180. Pakiti moja basi iko chini ya kanuni. Katika bia ya ngano hilo si tatizo, maana upungufu mdogo wa hamira huongeza ndizi. Lakini pakiti ikiwa ya zamani au ilikaa kwenye joto, upungufu haujulikani tena ni mdogo au mkubwa, na hapo ni afadhali kutumia mbili.

Njia ya zamani ya kuamsha hamira ni hii: chukua maji safi yaliyochemshwa na kupoa hadi nyuzijoto 25 hadi 30, uzito wake uwe mara kumi ya hamira (kwa gramu 11.5, mililita 115 hivi). Nyunyiza hamira juu bila kukoroga, acha dakika 15 hadi 30, kisha koroga taratibu na kumimina kwenye maji ya kimea. Tofauti ya joto kati ya vitu hivyo viwili isizidi nyuzijoto 10. Sababu ya uangalifu huu ni kwamba katika dakika za kwanza utando wa seli kavu huvuja na hauwezi kuchagua kipi kiingie. Maji ya baridi huifanya seli ipoteze vitu vyake vya ndani. Maji ya kimea yenye sukari nyingi nayo huua baadhi ya seli.

Siku hizi watengenezaji wenyewe wanasema inatosha kunyunyiza hamira moja kwa moja juu ya maji ya kimea. Kwa bia ya nguvu ya kawaida ni kweli, na mpikaji asiyeweza kuhakikisha usafi wa kikombe chake cha kuamshia afadhali anyunyize tu. Kuamsha kwanza kuna faida moja kubwa: hamira ikiwa imekufa, mpikaji huiona kabla ya kuharibu lita 20. Hamira iliyo hai, baada ya muda huo, hulainika na kuwa kama uji mwepesi wenye harufu ya mkate.

Kupika lita 20

Kinachopikwa kwanza si bia bali maji matamu ya kimea. Msomaji wa kusini mwa Tanzania anaifahamu kazi hiyo kupitia togwa: uji unapopoa na kutiwa kimea cha ulezi, hugeuka kuwa mwepesi na mtamu kwa sababu vimeng'enya vya kimea hukata wanga kuwa sukari. Katika bia ni jambo hilohilo, ila sukari hukamuliwa kutoka kwenye kimea chenyewe na makapi huachwa nyuma.

Kwa lita 20 za kawaida huhitajika kilo 2.5 za kimea cha ngano, kilo 2 za kimea cha shayiri cha rangi ya mwanga na gramu 25 za hopi zisizo chungu sana, kwa mfano Hallertau yenye asidi alfa asilimia 4. Kimea kilichosagwa kikubwakubwa hulowekwa kwa hatua: nyuzijoto 44 kwa dakika 20, 63 kwa dakika 40, 72 kwa dakika 20, kisha 76 na kukamuliwa. Ngano haina ganda, kwa hiyo makapi yake hushikana kama ugali na kuziba kichujio. Dawa inayotumika ni makapi ya mpunga yaliyooshwa vizuri na kuchanganywa na kimea, kiasi cha gramu 200 hadi 300. Hayatoi ladha, hufungua njia tu.

Maji ya kimea huchemshwa dakika 60 pamoja na hopi, halafu hupozwa haraka hadi nyuzijoto 17 au 18. Kipimo cha haidromita kabla ya kutia hamira kiwe karibu 1.050. Asiye na kimea cha nafaka anaweza kutumia unga wa kimea cha ngano unaouzwa tayari, takriban kilo 2.7, ambao unaruka kazi yote ya kuloweka na kukamua. Hata hivyo nafasi ya kuongeza karafuu kwa nyuzijoto 44 inapotea.

Kuanzia hapo kila kitu kinachogusa maji ya kimea kiwe kimeoshwa na kuuliwa vijidudu. Chombo kiachiwe robo nzima tupu, kwa sababu hamira ya ngano hutoa povu kubwa mno. Wengi huweka mpira mnene kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye ndoo ya maji, ili povu lipite badala ya kuziba tundu na kurusha kifuniko. Kelele na povu huisha kwa siku 4 hadi 7. Bia huachwa jumla ya wiki 2 hivi.

Mahali penye joto

Uchachukaji wenyewe hutoa joto, na ndani ya ndoo huwa juu ya chumba kwa nyuzijoto 2 hadi 5. Chumba cha nyuzijoto 18 kwa hiyo kinafaa. Chumba cha 30, kama ilivyo Dar es Salaam au Mombasa miezi mingi ya mwaka, hakifai bila kupoza. Hamira ya ngano haifi katika joto hilo, lakini hutoa alkoholi nzito zenye ukali kama wa rangi ya kupaka, na ndizi huzidi mpaka kufanana na peremende ya bei rahisi. Siku 3 za kwanza ndizo zinazoamua, kwa sababu ndipo hamira inapozaana na harufu nyingi kutengenezwa.

Njia nafuu ni kuweka ndoo ndani ya beseni la maji na kuifunika kwa kitambaa kinachonyonya maji kutoka kwenye beseni. Maji yanapovukizwa huchukua joto, kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Njia hii hufanya kazi vizuri Dodoma kuliko Dar es Salaam, maana hewa ya pwani tayari imejaa mvuke. Pwani hubidi kuongeza chupa za barafu ndani ya beseni asubuhi na jioni. Miji ya nyanda za juu kama Nairobi, Arusha, Kigali na Bukavu haina shida kubwa.

Chupa na hatari ya kupasuka

Hapa ndipo mahali ambapo mpikaji wa nyumbani anaweza kuumia. Bia ya ngano hupata gesi yake ndani ya chupa: sukari kidogo huongezwa, hamira iliyobaki huila, na dioksidi kabonia hukosa pa kutokea. Gesi hupimwa kwa ujazo, yaani lita ngapi za gesi katika lita moja ya bia. Bia nyingi huwa na ujazo 2.5 hivi, bia ya ngano ya Bavaria hufika 3.5 na zaidi, na viwanda hutumia chupa nene kwa ajili hiyo.

Bia iliyokwisha kuchachuka kwenye nyuzijoto 20 hubaki na ujazo kama 0.86. Kila gramu 4 za sukari ya mezani katika lita moja huongeza takriban ujazo 1. Gramu 8 kwa lita, yaani gramu 160 kwa lita 20, huleta karibu ujazo 3, na mwenye chupa za kawaida zilizotumika asipite hapo. Sukari ipimwe kwa mizani. Kijiko si kipimo.

Hatari kubwa zaidi haitokani na sukari inayoongezwa bali na ile iliyosahaulika. Kila alama moja ya haidromita (0.001) inayoliwa ndani ya chupa huongeza takriban nusu ya ujazo. Tuseme bia imefungwa ikiwa 1.013 na hamira inaendelea polepole hadi 1.007: alama 6 ni ujazo 3 juu ya ule uliokusudiwa. Jumla ni 6, na chupa ya kawaida haivumilii. Kioo hupasuka kwa nguvu ya kutosha kukata uso na mikono ya aliye karibu, na chupa moja huweza kuvunja za jirani.

WB-06 ndiyo inayohitaji uangalifu hasa. Ni ya namna ya *diastaticus*, na mtengenezaji wake huieleza hivyo. Ina jeni iitwayo STA1 inayoifanya itoe nje ya seli kimeng'enya cha kukata minyororo mirefu ya sukari ambayo hamira nyingine huiacha bila kuigusa. Kazi hiyo ni ya polepole. Bia huweza kuonekana imetulia kwa siku kadhaa, povu limeshuka na hamira imetua, kumbe kimeng'enya kinaendelea kutengeneza chakula. Ndiyo sababu kupima mara mbili kwa siku mbili mfululizo, kanuni inayofundishwa kwa bia nyingine, hakutoshi hapa. Bia ya WB-06 iliyoanza na 1.050 isifungwe kabla haijafika karibu 1.007, na vipimo vitatu vilivyopishana siku 3 hadi 4 viwe sawa.

Kipo kipimo rahisi cha kujua mwisho mapema. Siku ya kupika, maji ya kimea kiasi cha bilauri moja hutengwa, hutiwa hamira nyingi kupita kiasi na kuwekwa mahali pa joto, nyuzijoto 25 au zaidi, yakitikiswa mara kwa mara. Hufika mwisho wake kabla ya ndoo kubwa. Namba inayopatikana humwambia mpikaji mahali ambapo bia yake itaishia. Kwa hamira ya diastaticus bilauri hiyo iachwe wiki nzima.

Tabia ya diastaticus huhama pia kupitia vyombo. Seli chache zikibaki katika mikwaruzo ya ndoo ya plastiki au ndani ya mpira, huingia katika bia inayofuata, hata kama hiyo ni ya hamira nyingine, na kuendelea kuila ndani ya chupa. Wapikaji makini hutenga ndoo na mpira kwa ajili ya hamira hii.

Chupa zilizofungwa huwekwa wima ndani ya sanduku lenye kifuniko, mahali ambapo watoto hawafiki, kwa wiki 2. Moja kati yao ikiwa ya plastiki hutumika kama shahidi: ikiwa ngumu kama jiwe siku chache tu baada ya kufungwa, nyingine zote zipozwe mara moja kwenye jokofu, maana baridi huilaza hamira na kupunguza msukumo wa gesi. Chupa zinazoshukiwa zisishikwe kwa mikono mitupu.

Kuhifadhi pakiti

Hamira kavu haihitaji kusafirishwa kwenye barafu, na katika nchi za joto hiyo ndiyo sifa yake kuu. Lakini kuvumilia si kutodhurika. Pakiti iliyokaa dirishani au ndani ya gari juani hupoteza seli nyingi hata kama tarehe yake haijapita. Jokofuni, kwenye nyuzijoto 4, hukaa vizuri zaidi. Pakiti iliyofunguliwa ikunjwe, ifungwe isipitishe hewa, iwekwe jokofuni na kutumiwa ndani ya siku 7, kwa kuwa hewa na unyevu huiharibu haraka. Pakiti iliyokuwa ngumu kama tofali na sasa imelegea imeingiza hewa, isitumike.

Sheria

Nchini Uingereza kupika bia nyumbani bila leseni kuliruhusiwa mwaka 1963. Nchini Marekani rais Jimmy Carter alitia sahihi Oktoba 1978 sheria iliyoondoa kodi kwa bia ya matumizi ya nyumbani, hadi galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja au galoni 200 kwa kaya yenye watu wazima wawili au zaidi. Majimbo yaliachiwa sheria zao. Ujerumani nayo inaruhusu kiasi fulani kwa mwaka kwa matumizi ya nyumbani. Kenya inasimamia utengenezaji wa vileo kwa leseni chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, inayojulikana na wengi kama sheria ya Mututho. Katika nchi zote zilizotajwa, kuuza bia iliyopikwa nyumbani bila leseni ni kosa.